Kujenga Himaya ya Angani Nikiwa Nyangezi

Katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mashariki mwa Kongo, simu zetu zilijaa ramani. Kila saa ilikuja nyingine: hapa pamepakwa nyekundu, pale kijani, na mshale mnene unashuka kusini kufuata barabara ya Nyangezi hadi Kamanyola. Kijana wa jirani aliniletea mojawapo, akaishika karibu na uso wangu. "Yaya, angalia. Iko sawa na ule mchezo wako."

Alisema hivyo kwa nia njema. Mchezo alioutaja ni wa kompyuta, wa himaya za angani, wenye nyota zilizopangwa kwa urefu, upana na kimo. Nimekuwa nikiujenga kwa miaka mingi, tangu nikiwa mwanafunzi Bukavu hadi niliporudi Nyangezi kufundisha hesabu. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuziondoa ndani yake ramani za namna ile. Nimeona nieleze sababu, kwa maana vijana wengi wa huku wanataka kutengeneza michezo, na wengi wanaanzia palepale nilipoanzia mimi.

Nilianzia chumbani kwa mwenzangu mmoja wa masomo. Alikuwa na kompyuta ya mezani na diski ya kunakili yenye mchezo uitwao Homeworld, uliotengenezwa na kampuni ya Relic ya Kanada mwaka 1999. Umeme ulikuja kwa zamu za mitaa, na zamu yetu mara nyingi iliangukia usiku wa manane, kwa hiyo tulicheza wakati mji umelala. Michezo ya vita niliyokuwa naijua ilichezwa juu ya uwanja bapa: adui yuko mbele au nyuma, kushoto au kulia. Katika Homeworld meli zinapanda na kushuka. Unaweza kumpita adui juu ya kichwa chake, au ukamzukia kutoka chini. Wenzangu waliozaliwa mjini walihangaika sana na jambo hilo. Mimi nililielewa usiku uleule, na nadhani najua kwa nini.

Barabara itokayo Bukavu inapita Panzi na Nyantende, inafika kwetu kabla ya kilomita 30, kisha inaendelea hadi Ngomo. Pale ardhi inakatika. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770, na mto Ruzizi ndio unaoishuka tofauti hiyo yote. Kwa ajili ya mteremko huo yakajengwa mabwawa ya umeme ya Ruzizi, la kwanza mwaka 1959 na la pili mwaka 1989. Nilipokuwa kijana nilishuka Ngomo nikiwa nimekaa juu ya Fuso lililokwenda kuchukua mchele kwenye tambarare. Kwenye kona moja dereva alisimama. Msaidizi wake aliruka chini na gogo, akalikaza nyuma ya gurudumu, tukangoja lori jingine lililokuwa linapanda kwa gia ya kwanza huku linatoa moshi mweusi. Tambarare tuliiona yote chini yetu, mabati yakimeta juani. Kwa macho ni hapo tu. Kwa barabara mchana ulikaribia kwisha. Na lori moja likiharibika katikati ya kona kama ile, Bukavu na Uvira hazifikiani tena, isipokuwa kwa wenye uwezo wa kuzungukia Rwanda.

Kwa hiyo umbali kwangu haukuwahi kuwa namba ya kupima kwa rula juu ya karatasi. Umbali una kimo, una kona, na una mtu mwenye gogo. Nilipoamua kujenga mchezo wangu mwenyewe, hilo ndilo nililotaka mchezaji alipate.

Michezo ya namna hii ilipata ufafanuzi wake kwa mchezo uitwao Master of Orion, wa mwaka 1993. Mwandishi wa Marekani Alan Emrich, akiuelezea gazetini mwaka huo, aliijumlisha kazi ya mchezaji kwa mambo manne: kuvumbua, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Wabunifu wanayafuata hadi leo. Yote manne ni kazi za anayefika. Hakuna hata moja ya aliyekutwa.

Nyota nilizitaka za kweli. Satelaiti ya Ulaya iitwayo Hipparcos, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima mahali pa nyota zaidi ya 118,000, na orodha yake, iliyotolewa mwaka 1997, inapatikana bure kwa yeyote. Kila nyota ina pembe mbili zinazoonyesha iko upande gani wa mbingu, na kipimo kinachokupa umbali wake. Kwa hesabu za sekondari unazigeuza kuwa x, y na z. Nilifanya kazi hiyo Nyangezi, na Nyangezi ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo jioni za mwezi wa nne na wa tano, mvua ikitupisha, Msalaba wa Kusini unaonekana upande mmoja wa mbingu na Dubu Mkubwa upande wa pili. Aliye Paris hauoni Msalaba ule maisha yake yote, labda asafiri. Nilikuwa napanga nyota kwenye kompyuta, betri ikiisha natoka nje kuziangalia zilezile.

Tabu ilikuwa skrini. Skrini ni bapa, na nyota mbili zinazoonekana kugusana zinaweza kutengana kwa miaka 100 ya nuru. Nilichora duara jembamba lenye mistari katikati ya anga, kisha kila nyota nikaifungia uzi mwembamba unaofika kwenye duara hilo. Uzi unaoshuka mrefu maana yake nyota iko juu sana, unaopanda maana yake iko chini. Njia hiyo wabunifu wengi wameitumia kabla yangu. Lakini kilichosaidia zaidi ni kumwachia mchezaji azungushe anga kwa kipanya. Picha ikizunguka kidogo tu, jicho linatenganisha lenyewe kilicho karibu na kilicho mbali. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wangu mara kwa mara: asiyegusa kipanya anapotea kati ya nyota tano, anayezungusha anaelewa kabla sijafungua mdomo.

Kisha nikagundua kwamba angani hakuna Ngomo. Kwenye ramani bapa unaweka askari kwenye mlango wa bonde, umemaliza. Katika anga la pande zote adui anapita juu, chini, popote. Wakubwa wa fani hii wanalijua tatizo hilo. Stellaris, mchezo wa kampuni ya Paradox ya Sweden, ulitoka mwaka 2016 ukiwa na namna kadhaa za kusafiri kati ya nyota. Mwaka 2018 waliziondoa nyingine, meli kwa kawaida zikabaki kufuata njia maalumu kutoka nyota hadi nyota, ili pawepo milango ya kulinda. Mimi sikutaka kuweka njia hizo. Nilitaka kujua himaya inakuwaje pale isipoweza kujifungia.

Hesabu ilinipa jibu lililonikosesha raha. Chukua himaya yenye umbo la tufe, makao makuu katikati. Iongeze upana mara mbili. Mpaka wa kulinda unaongezeka mara nne, lakini nyota zilizomo ndani, pamoja na ushuru wake, zinaongezeka mara nane. Kwa maneno mengine, hesabu tupu inampendelea mkubwa: kadiri anavyokua ndivyo ulinzi unavyokuwa mwepesi kwake. Nilipojaribu mchezo na vijana wa mtaani ikawa hivyohivyo. Aliyetangulia mwanzoni aliendelea kutangulia, na waliobaki waliacha kipanya wakaenda zao.

Lakini mimi naishi mahali ambapo wakubwa wamekuja na kuondoka. Bukavu imetekwa na mamluki wa Jean Schramme mwaka 1967, na waasi wa AFDL mwaka 1996, na wa RCD mwaka 1998, na askari walioasi wa Nkunda na Mutebusi mwaka 2004, na M23 mwaka 2025. Schramme alikaa toka Agosti hadi Novemba. Wa 2004 hawakumaliza hata mwezi. Kabla ya hao Wabelgiji walikaa hadi 1960, wakaondoka wakiwa na jeshi kubwa na fedha nyingi kuliko yeyote aliyewafuata. Kama hesabu ya tufe ingekuwa ndiyo yote, mambo hayo yasingetokea. Kulikuwa na kitu ambacho mchezo wangu haukukihesabu.

Kitu cha kwanza nilikioneshwa na shangazi yangu, mama aliyefanya biashara ya unga na hakuwahi kushika kompyuta. Alipita nyuma yangu jioni moja, akasimama na beseni lake, akauliza zile taa ndogo ni nini. Nikamweleza kwamba ni migodi kwenye sayari, na kwamba kila mgodi unaniletea madini.

"Apa banachimba, nimeona," alisema. "Sasa aba batu banakula nini?"

"Mama, kwenye mchezo hawali."

"Kama habakuli, basi habachimbi."

Alikuwa anajua anachosema. Kwa miaka ndege ndogo ziliruka kutoka uwanja wa Kavumu zikiwa zimejaa unga, chumvi na sabuni kwenda Shabunda, zikarudi na madini, kwa sababu barabara haipitiki na mchimbaji aliye msituni halimi. Bei ya unga kwenye mgodi ndiyo iliyoamua nani anabaki na kitu mfukoni, na faida kubwa ilikuwa ya mwenye unga na mwenye ndege. Nilikaa usiku ule nikaandika upya sehemu nzima ya uchumi. Tangu siku hiyo kila mgodi katika mchezo wangu unakula, na chakula kinatoka kwenye sayari fulani, kinabebwa na meli fulani. Hapo himaya kubwa zikaanza kuyumba. Tufe lililopanuliwa mara mbili lina nyota mara nane, lakini lina midomo mara nane pia, na iliyo pembeni kabisa iko mbali na shamba.

Kuhusu madini siwezi kuandika nikiwa mtulivu. Ndani ya kompyuta ninayotumia na ndani ya simu ya msomaji mna vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyotengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu inatoka kwenye koltani. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, vijana wa Kivu wakaacha shule na mashamba. Mwaka uliofuata ikaanguka. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachozitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka kwetu, na Septemba mwaka huohuo serikali ya Kinshasa ikasimamisha uchimbaji mdogo Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Binamu yangu alirudi nyumbani kipindi hicho kutoka machimboni, amebeba koleo na godoro lililokunjwa. Alikaa kwenye baraza letu majuma mengi akiuliza kila mwenye redio kama wamefungua. Wote walioamua maisha yake, aliyepandisha bei, aliyeishusha, aliyetunga sheria na aliyefunga migodi, walikuwa mbali kuliko macho yake yalikoweza kufika, na hakuna kati yao aliyekuwa anamwona. Nilipompa nafasi katika mchezo, nilimpa kama sayari. Mchezaji anaweza kuchagua kuanza akiwa sayari yenye madini badala ya himaya, akapokea amri zilizochelewa kutoka kwa watu wasioifahamu, na kazi yake ni kuishi.

Kitu cha pili nilikitoa kwenye desturi za Bushi, eneo letu. Zamani kwetu mtu aliyetaka shamba alikwenda kwa mwami, yaani mfalme, au kwa chifu wake na ng'ombe, akapewa ardhi kwa mkataba wa kalinzi. Ardhi ile ilikuwa yake na watoto wake, naye alikuwa na wajibu kwa aliyempa, na aliyempa alikuwa na wajibu kwake. Kulikuwa pia na bwasa, ya kukodi shamba kwa msimu: unalipa kidogo, unalima mazao ya muda, mavuno yakiisha na mkataba umeisha. Kalinzi ilikuwa na udhalimu wake, mwenye ng'ombe wengi alipata na asiye na ng'ombe alibaki kibarua, na sisemi turudi huko. Lakini ni mawazo mazito juu ya utawala kuliko niliyoyakuta katika mchezo wowote kutoka nje. Katika mchezo wangu sayari haichukuliwi kwa kuzungukwa na meli. Inaingia kwa kalinzi, ambayo ni ghali, inachukua muda, na inaendelea hata mtawala akibadilika. Au kwa bwasa, ambayo ni rahisi na inakwisha haraka. Meli za vita zinaweza kulazimisha bwasa. Kalinzi haziwezi kuilazimisha.

Baada ya hapo ilibaki ramani. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima, iko miaka 4.2 ya nuru, na habari haiwezi kwenda kasi kuliko nuru. Kwa hiyo mtawala aliye katikati haoni himaya yake ilivyo, anaiona ilivyokuwa. Nikaamua rangi ya kila nyota ipauke kadiri habari inavyozeeka. Iliyo karibu, yenye chakula na mkataba hai, ina rangi kamili. Ya mbali, isiyopokea meli kwa muda, inapauka hadi kuwa kijivu, ingawa hakuna adui aliyeigusa. Na nyota inaweza kuwa na rangi mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyoishi. Ruzizi uko chini ya vilima vyetu. Wabelgiji na Wajerumani waliafikiana mwaka 1910 kwamba upande huu ni wa huyu na ule ni wa yule, na toka hapo watu wameendelea kuoa, kuuza nyanya na kuzika ng'ambo zote mbili.

Wanafunzi walipocheza toleo hilo, mmoja wao, msichana wa mwaka wa mwisho, alishinda mara kadhaa akiwa na nyota chache kuliko wote. Alitumia muda wake kupeleka chakula na kufunga mikataba. Mwenzake aliyekuwa na nusu ya anga alimaliza akitawala kijivu kitupu.

Wapo wanaoniambia mambo ya angani si yetu. Nawajibu kwa historia. Satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, Ngomeni, karibu na Malindi, nayo ikaitwa Uhuru. Huku kwetu, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilipewa na Rais Mobutu mwaka 1976 eneo la kama kilomita za mraba 100,000 huko Shaba. Ilirusha roketi zake mwaka 1977 na 1978, ya tatu ikaanguka mbele ya macho ya Mobutu, na mwaka 1979 ikaondolewa. Kisha mhandisi wa Kongo, Jean-Patrice Keka, akarusha roketi zake za Troposphere karibu na Kinshasa. Anga tumo ndani yake kitambo. Jambo la kuuliza ni nani anaandika masharti.

Ndiyo maana ramani za Februari zilinikera. Zilionyesha Bukavu imebadilika rangi kwa siku moja. Hazikuonyesha benki zilizofunga milango na mwalimu asiyejua mshahara wake atautoa wapi. Hazikuonyesha uwanja wa ndege wa Kavumu uliosimama, wala mama anayepanda kutoka Nyangezi na mzigo mgongoni bila kujua kizuizi kinachofuata kitamtoza kiasi gani. Mchora ramani wa simu na mbunifu wa mchezo wana kosa moja: wote wawili wanahesabu kuchukua, hawahesabu kulisha. Kijana wa jirani nilimkalisha nikamfungulia mchezo, tukaitazama Kivu ya kwenye simu yake pamoja na anga langu la kijivu. Aliuliza mwenyewe kama inawezekana kuchora mkoa wetu kwa namna hiyo, kwa bei ya unga na kwa barabara zinazopitika. Inawezekana, na ameanza.

Kwa wengine wanaotaka kuanza: injini ya Godot, iliyoanzishwa na Waargentina wawili na kuachiwa huru mwaka 2014, ni bure, ni ndogo kuliko filamu moja, na inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, nakili kwa fulashi umpe na mwenzako. Blender ya kuchorea maumbo ni bure pia. Wekeni nyota kumi tu kwanza, kila moja na kimo chake, na kabla hamjaandika mstari mmoja wa vita andikeni kila sayari inakula nini na chakula hicho kinapita wapi.